Keki Tatu za Miaka Minne

Ninyi wa Ndosho, na ninyi wa Keshero mnaokaa karibu na maji na kujiona, na hata ninyi mlio mbali mnaoiangalia Goma yetu kwenye simu, nina neno kwenu. Si refu sana. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kwanza, asije akasema Koko Katungu alimuunguzia maharage.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha vumbi jeusi, mawe yanang'aa, na mimi nimekaa mbele ya nyumba yangu ya mbao nachambua kabichi zilizotoka Kibumba. Nilikuwa natoa majani yaliyooza ili zionekane wasichana mbele ya wateja. Ng'ambo ya uwanja jirani yangu Rosine alikuwa anafua gauni dogo la waridi. Mume wake Gauthier alikuwa anapangusa simu kwa kitambaa laini, polepole, kama padri anavyopangusa kikombe baada ya misa. Tunakaa paseli moja, nyumba mbili, choo kimoja. Kwa hiyo siri zao nazijua na zangu wanazijua, ila zangu zimeisha zamani.

Mtoto wao Béata akanijia anatembea kwa vidole. Mkono ameukunja. Alipoufungua nikaona jino la mbele, dogo kama punje ya mchele, na pembeni yake shikileti, ule ubani wa kutafuna, iliyotafunwa vizuri.

"Koko," akaninong'oneza, maana hapa watoto ndivyo wanavyotuita sisi wenye umri wa bibi, "unibandikie."

"Nikubandikie nini?"

"Jino. Na hii shikileti. Mbele mama hajaona."

Nikacheka. "We mutoto, jino likitoka ni furaha! Tunalirusha juu ya bati, lingine linakuja."

Yeye hakucheka. "Sitaki lingine likuje, koko. Likikuja nitakuwa mukubwa."

Hapo kicheko changu kikarudi tumboni. Nimeona watoto wengi katika maisha haya. Wengine wanavaa viatu vya baba zao, wengine wanajichora ndevu kwa makaa, wote wanataka kuwa wakubwa leo kabla ya chakula cha mchana. Mtoto anayeogopa kukua sikuwa nimemwona bado.

Sasa niwaambie ilivyoanza.

Wiki chache kabla Béata hajatimiza miaka minne kweli, dereva mmoja wa moto, yaani pikipiki, alipita kwenye dimbwi mbele ya paseli yetu akamrushia matope. Mtoto akashika kiuno, akanyoosha kidole, akapiga kelele: "Wee papa wa moto! Leta permi! Huna permi? Basi leta bonbo!" Permi ni leseni ya kuendesha, bonbo ni pipi. Gauthier alikuwa na simu mkononi, akamchukua video. Siku ya tatu Goma nzima ilikuwa inasema leta bonbo. Siku ya kumi wa Butembo walikuwa wanasema, na wa Kampala, na wa Bruxelles. Wewe unayesoma, usijifanye hukucheka. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikakaa juu ya nyanya zangu.

Basi akaitwa Bébé Béata wa Miaka Minne. Hilo ndilo jina lililoandikwa juu ya picha yake, na watu elfu mia mbili wakalifuata. Halafu akaja Papa Henri, mfanyabiashara mmoja mwenye shati la kupigwa pasi, anayeuza unga wa uji wa watoto wasiofika miaka mitano. Wakaandikiana karatasi. Béata anywe uji mbele ya simu, aseme "mmmh", na Papa Henri alishe nyumba.

Kulisha nyumba si neno la kucheka. Gauthier alikuwa dereva wa lori la Butembo, na tangu barabara zikatike lori limesimama, linaota nyasi kwenye matairi. Rosine aliuza vitenge mpaka vikaisha na hakuwa na cha kuviongeza. Uji wa Papa Henri ulikuja kama mgeni anayebeba mfuko. Sitawaambia kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa na njaa, kisha wakashiba, kisha wakaogopa njaa kuliko walivyoiogopa zamani.

Siku yake ikafika, wakafanya sikukuu ya kuzaliwa. Keki nzuri, krimu juu, na mshumaa wa namba nne. Nikala. Mwaka wa pili, keki nyingine, na juu yake mshumaa uleule, umeungua kidogo kwenye shingo. Nikala pia, mimi sikatai keki. Mwaka wa tatu nilipoona ile nne imesimama tena, nikamuuliza Rosine:

"Mama Béata, mishumaa ya tano haiko tena huku Goma?"

"Koko, kula keki," akasema.

Mimi nilifika darasa la sita la primaire tu, na hesabu ya sehemu ilinishinda. Lakini kuhesabu keki najua.

Tangu hapo nikaanza kuangalia vizuri. Niliona viatu vyake vimekatwa mbele ili vidole vitoke. Rosine akienda sokoni alimbeba mgongoni kwa kitenge, msichana mzima, miguu inaning'inia na kumgonga mama magotini, watu wa moto wanapiga honi. Nilisikia namna anavyoongea. Mlangoni pangu alisema maneno yaliyonyooka, hata ya kunishinda. Simu ikiwashwa ulimi ulikuwa laini kama wa mtoto wa maziwa, na mama yake nyuma ya simu anamwambia: "Rudia. Lainisha zaidi. Rudia."

Masomo yalipoanza mwezi wa tisa, watoto wa mtaa walipita na mashati meupe na sketi na suruali za buluu, wanapigana kwa mifuko. Béata aliwachungulia kwenye upenyo wa mbao. Hakuruhusiwa kutoka, kwa sababu akisimama karibu na wenzake wa umri wake watu wangempima kwa macho.

Na bado hilo la jino halikuwa baya kuliko yote. Kesho yake nilitoka chooni nikakuta gunia langu la karoti linatikisika. Nikadhani panya. Nikachukua ufagio. Ndani ya gunia akatoka Béata, mashavu yamejaa karoti mbichi na udongo wake.

"Mwizi!" nikasema, lakini kwa kucheza.

"Koko, usimwambie mama."

"Kwani mama hakukupa chakula?"

"Alinipa kijiko moja ya fufu. Anasema nikikula sana nitakuwa murefu. Nikiwa murefu batu hawataniangalia tena, na papa hataweza kukula."

Sikilizeni vizuri, mama na baba. Mtoto wa miaka sita, kila siku anameza uji mbele ya watu elfu mia mbili, kijiko kimoja, viwili, mpaka simu inazimwa, halafu bakuli linaondolewa. Na mtoto huyo anaamini kwamba akishiba yeye, baba yake atalala njaa.

Nikavuka uwanja na ufagio wangu bado mkononi.

"Rosine, huyu mutoto iko na miaka ngapi?"

"Koko, unajua."

"Najua, ndiyo nakuuliza. Mulima ulipotapika moto, tukakimbia, nani alimubeba mpaka Sake? Ni mimi! Alikuwa na miaka mbili na uzito wa gunia ya viazi. Mugongo wangu unakumbuka hata leo. Hesabu!"

"Mulima ni mulima, kazi ni kazi," Rosine akajibu, anakamua lile gauni kama shingo ya kuku. "Mwaka ujao ataenda kwa masomo."

"Mwaka jana ulisema mwaka ujao."

"Koko Katungu, kabichi zako zinaoza. Angalia hizo."

Nikamgeukia mume wake. "Na wewe, Gauthier? Huna mudomo?"

Gauthier akaendelea kupangusa simu. Kazi yake katika ile biashara ilikuwa kushika simu na kusoma kwa sauti maneno ambayo watu waliandika. Miaka miwili alikuwa anasoma maneno ya wengine, na nafikiri yake yalikuwa yamekwisha.

Nikarudi kwangu nimeshindwa. Lakini mimi nikishindwa kwa mlango, huwa natafuta dirisha.

Dirisha lilifunguliwa na Papa Henri mwenyewe. Alikuja Jumamosi, akaniona nacheka na mteja, akayaona meno yangu yaliyobaki, ambayo yote yanaweza kukaa kwenye kijiko kimoja. Macho yakamng'aa.

"Koko, unapenda uji?"

"Papa, na haya meno, uji ndio unanipenda mimi."

"Basi kesho kutwa tutafanya direkti. Wewe na Bébé. Uji wa mutoto na wa muzee! Batu watafurahi sana."

Direkti, kwa wenzangu wa zamani, ni pale simu inapoonyesha wakati uleule unapofanya, haiwezekani kufuta wala kurudia. Rosine hakupenda. Aliniangalia kama mtu anayeangalia wingu. Lakini Papa Henri alipenda, na siku hizo apendalo Papa Henri ndilo lilikuwa linafanywa.

Saa tisa mchana, jua zuri. Wakatandika kitambaa cha meza, wakapanga makopo ya unga, wakaniketisha kwenye kiti na kumweka Béata mapajani pangu, amevaa gauni la waridi linalombana makwapani. Aliambiwa asicheke kwa mdomo wazi, ili pengo lisionekane. Gauthier akainua simu. Watu wakaanza kuingia, elfu tatu, elfu saba.

"Bonjour ba-koko bote ba dunia," nikasema. "Na ninyi vijana pia, ingawa hamsalimii."

Gauthier akasoma: "Wa Bukavu anacheka. Wa Bruxelles anauliza koko ametoka wapi."

Tukanywa uji. Nikasema ni mtamu, ungekuwa na sukari ungekuwa mtamu zaidi. Papa Henri akakohoa. Kisha nikasema:

"Béata, nikufundishe muchezo ya wakati wetu?"

Rosine akatikisa kichwa kukubali. Michezo inaleta watu.

"Wakati wetu," nikaiambia simu, "karatasi ya kuzaliwa haikuwa. Siku ya kuandikishwa, mwalimu alisimama kwa mulango wa darasa. Alikuambia: pitisha mukono wa kuume juu ya kichwa, shika sikio la kushoto. Ukilishika, ingia. Ukikosa, rudi kwa mama yako ukanyonye."

Nikafanya mimi kwanza. Bega likalia kama mlango wa zamani, watu wakacheka. Béata akateremka mapajani pangu. Alipenda mchezo, maskini, kwa sababu hakuwa na wa kucheza naye. Akasimama wima. Akainua mkono, akaupitisha juu ya kichwa. Vidole vikalifika sikio, vikalipita, vikashika hereni na kuivuta.

Halafu Gauthier, kwa mazoea, kabla akili yake haijamfikia, akaanza kusoma.

"Wa Butembo anasema: 'Eee! Huyo amepita!' Wa Kampala anasema: 'Mimi nilirudishwa nyumbani mara mbili ju ya hiyo sikio. Huyu iko na sita.' Wa Bruxelles anasema: 'Miaka ine ya wapi?' Mwingine anasema..." Sauti ikaanza kushuka. "Anasema: 'Papa unayeshika simu, mupeleke mutoto kwa masomo.'"

"Kata!" Rosine akapiga kelele. "Gauthier, kata!" Akamnyang'anya simu, akaizima, akanigeukia. "Koko, umeniua. Umekula kwangu, umekaa kwa kiti yangu, na umeniua mbele ya batu."

Alikuwa anasema kweli.

Papa Henri naye alikuwa na lake. Alisimama katikati ya makopo yake, uso umevimba, akasema: "Mama Rosine, wewe umeniuzia mutoto wa miaka ngapi?"

Umeniuzia. Lilitoka hivyo, wazi, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza sokoni. Nikaona Rosine amelisikia. Nikaona Gauthier amelisikia. Yule mwanaume aliyekuwa ameishiwa maneno akavuta pumzi, akasema, si kwa ukali, "Sisi hatukukuuzia mutu, Papa Henri."

Na katikati ya kelele zote hizo Béata alikuwa bado amesimama, mkono juu ya kichwa, sikio ameling'ang'ania asije akaambiwa ameliachia. Akaniangalia.

"Koko, nimepita?"

"Umepita, mama."

"Sasa niingie wapi?"

Papa Henri aliangalia viatu vyake. Rosine akaketi juu ya bidon ya maji, kanga ikamteremka begani, hakuipandisha. Alimwangalia mtoto wake kutoka miguuni mpaka juu, taratibu, kama mtu aliyerudi safari ya miaka miwili akamkuta amekuwa mrefu. Akalia. Halafu akafungua mikono.

"Kwa masomo, mama yangu," akamwambia. "Utaingia kwa masomo."

Papa Henri akakusanya makopo, kitambaa cha meza, na uji uliobaki katika bakuli langu. Nilikuwa sijamaliza.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Gauthier alimpeleka mtoto kesho yake, na mwalimu mkuu, Mama Émérance, akampokea ingawa mwezi mzima wa masomo ulikuwa umepita. Siku za kwanza Béata alijibu kwa ile sauti ya maziwa, darasa likacheka. Na akimaliza kujibu alibaki amesimama, anangoja mtu amwambie "rudia". Mama Émérance alikuwa akimwambia kila mara, "Imetosha, Béata, kaa," na yeye alikaa akiwa bado haamini. Wiki ya nne akaamini. Wiki ya tano alimjibu mvulana mmoja kwa sauti yake mwenyewe maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na mimi nikajua amepona.

Rosine hakunisalimu muda huo wote. Tulikutana chooni, tukapishana kama malori mawili kwenye barabara nyembamba. Nilikubali. Nilikuwa nimetumia simu ileile, na mtoto yuleyule, bila kumuuliza mwenyewe kama anataka kuonyeshwa. Kama kulikuwa na njia nyingine ya taratibu, mimi sikuiona. Mwenye kuiona anifundishe, bado najifunza.

Njaa pia ilirudi, nisiwafiche. Zilikuwapo siku walikula mara moja tu. Gauthier akaanza kuendesha moto ya rafiki yake, analoa na mvua.

Jioni moja Rosine akasimama mlangoni pangu.

"Koko."

Neno moja. Nikaacha kabichi.

"Uko na viazi?"

"Niko navyo. Unataka ngapi?"

"Mingi. Ule mutoto anakula sawa askari."

Nikampimia, nikaongeza karoti. Alitaka kucheka, akajizuia, akashindwa. Wiki iliyofuata tukapanda pamoja Kibumba kununua kabichi. Sasa Rosine ndiye anayesimama mbele ya simu. Anaonyesha kabichi, anasema zilivyo, anataja umri wake hata asipoulizwa. Wanaomwangalia ni wachache, lakini wanakula kabichi. Na Béata amepasua gauni la waridi kwenye mabega yote mawili. Tumelifanya kitambaa cha kupangusia masufuria.

Fundisho la kushika

Mzazi mwenzangu, mtoto anaweza kuimba, kucheza, kuchekesha watu, hata mbele ya simu, na wewe ukafurahi naye. Hilo si kosa. Kosa linaanza siku chakula cha nyumba kinapotegemea mtoto abaki vile watu wanavyompenda. Siku hiyo umemfanya yeye baba wa nyumba, na mabega yake hayajafika. Utaanza kuuogopa urefu wake. Utaogopa meno yake na akili yake, vitu ambavyo ungepaswa kuvishangilia. Kazi ya kulisha ni yetu sisi wakubwa, hata ikiwa ngumu, hata lori likisimama. Kazi ya mtoto ni kula, kucheza, kusoma na kutupasulia nguo.

Na sisi tunaoangalia tusijifiche nyuma ya kioo. Papa Henri alilipa kwa sababu tuliangalia. Nilicheka, ulicheka, na keki ya pili nilikula nikijua. Lakini ni sisi hawahawa pia tulioona mkono umefika sikio tukasema kwa sauti, na mlango wa darasa ukafunguka. Kwa hiyo tuna nguvu, tuitumie vizuri. Ukimwona mtoto wa watu anakuchekesha kwenye simu, cheka, kisha mwandikie mama yake swali moja tu: yuko darasa la ngapi? Asipojibu, usibonyeze kile kimoyo.